Somo: Kukabiliana na wasiwasi baada ya kuacha vepu

Watu wengi walioacha vepu, yaani sigara ya kielektroniki, kisha wakairudia husema kwamba kilichowashinda kilikuwa wasiwasi zaidi ya hamu yenyewe. Siku ya pili au ya tatu kifua hubana, mawazo hayatulii, usingizi hukatika katikati ya usiku, na mtu huanza kuamini kwamba kifaa alichokitupa ndicho kilichokuwa kikimweka sawa. Somo hili linahusu wasiwasi huo peke yake. Sitagusa madhara ya vepu kwenye mapafu wala namna ya kuchagua siku ya kuacha, kwa kuwa nadhani wewe unayesoma umeshaacha, na unachotaka ni kuzivuka wiki zinazofuata.

Hatua ya kwanza: Fahamu wasiwasi huu unatoka wapi

Nikotini inayovutwa hufika ubongoni ndani ya sekunde chache, ikajishika kwenye vipokezi ambavyo kwa kawaida huitumikia kemikali ya mwili iitwayo asetilikolini, na hapo dopamini hutolewa na mtu akajisikia vizuri. Kwa anayevuta kila siku, ubongo huongeza idadi ya vipokezi hivyo. Nusu ya nikotini iliyomo katika damu huondoka kwa muda wa saa 2 hivi, na kadiri inavyopungua, vipokezi hivyo vingi hubaki vikidai. Kudai huko ndiko mtu anakohisi kama kero, kutotulia na wasiwasi, hali ambayo waraibu wenyewe huiita arosto. Akivuta tena, hutulia, na kwa kuwa ametulia papo hapo, anahitimisha kwamba vepu ni dawa ya wasiwasi wake, ilhali sehemu kubwa ya wasiwasi ulioondolewa na mvuto wa saa nne uliletwa na mvuto wa saa mbili.

Vepu ina ugumu wake ambao sigara haina. Sigara huisha na kukulazimisha kusimama, lakini vepu haina mahali pa kuishia, hivyo wapo wanaovuta tangu wanapoamka hadi wanapofumba macho. Isitoshe, vifaa vya aina ya Juul vilivyoingia sokoni nchini Marekani mwaka 2015 vilieneza matumizi ya nikotini ya chumvi, ambayo haikwaruzi koo hata ikiwa kali. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha miligramu 20 za nikotini kwa kila mililita ya kimiminika, lakini kwingineko vipo vyenye miligramu 50 na zaidi. Aliyekuwa akitumia hivyo vikali asishangae arosto yake ikizidi ya jamaa yake aliyekuwa akivuta sigara chache kwa siku.

Mwaka 2014 jarida la tiba la BMJ lilichapisha uchambuzi wa tafiti 26 zilizopima hali ya akili ya wavuta sigara kabla ya kuacha na wiki 6 au zaidi baadaye. Walioacha walionekana kupungukiwa na wasiwasi, huzuni na msongo wa mawazo kuliko walioendelea kuvuta. Tafiti hizo zilihusu sigara, na singependa mtu azisome kana kwamba zilifanywa kwa watumiaji wa vepu. Hata hivyo nikotini ni ileile, na zinaonyesha mambo huelekea wapi mtu akivumilia.

Hatua ya pili: Uwekee wasiwasi kalenda

Arosto ya nikotini huanza kati ya saa 4 na 24 baada ya mvuto wa mwisho, hufikia kilele siku ya pili au ya tatu, kisha hupungua katika kipindi cha wiki 2 hadi 4. Andika tarehe uliyoacha, uitie alama siku ya tatu, kisha siku ya 28. Kila jioni upe wasiwasi wako namba kuanzia 0 hadi 10 na uiandike bila maelezo marefu. Sababu ya kuandika ni kwamba kumbukumbu ya mtu mwenye wasiwasi haiaminiki: usiku mmoja mbaya unatosha kumfanya aape kwamba hajapata nafuu hata kidogo, wakati daftari lake linaonyesha kwamba wiki iliyopita alikuwa kwenye 8 na sasa yuko kwenye 5.

Katika siku hizo za mwanzo ahirisha maamuzi makubwa. Barua ya kuacha kazi na ugomvi wa kumaliza uchumba vinaweza kusubiri hadi wiki ya tatu, na mara nyingi vikifika huko havina tena haja.

Hatua ya tatu: Ondoa vinavyofanana na arosto

Hapa kuna ushauri mmoja unaonakiliwa ovyo kutoka kwenye masomo ya sigara. Moshi wa sigara huliharakisha ini kuvunjavunja kafeini, kwa hiyo anayeacha sigara akiendelea na vikombe vilevile vya kahawa, kafeini hukaa mwilini mwake muda mrefu kuliko zamani, na anatetemeka akidhani ni arosto. Jambo hilo husababishwa na moshi, si nikotini, hivyo halimhusu aliyekuwa akitumia vepu pekee. Wapo lakini waliokuwa wakichanganya sigara na vepu, na hao nawashauri wapunguze kahawa hadi nusu tangu siku ya kwanza. Kwa wengine inatosha kutokunywa kahawa, chai kali wala vinywaji vya kuongeza nguvu kuanzia mchana, maana usingizi tayari ni mwepesi katika kipindi hiki na usiku wa macho huzaa asubuhi ya wasiwasi.

Njaa nayo hudanganya. Nikotini huzuia hamu ya kula, na mtu aliyezoea kupitisha asubuhi nzima kwa mivuto bila kula anaweza kuendelea na ratiba ileile bila vepu, kisha saa tano mikono ikaanza kutetemeka. Ale kwanza, ndipo aamue kama ana wasiwasi.

Pombe iepukwe kabisa mwezi wa kwanza.

Hatua ya nne: Rudisha pumzi uliyokuwa ukiipata kupitia kifaa

Jambo hili husahaulika. Mtumiaji wa vepu alikuwa akivuta hewa taratibu, akiishikilia, kisha akiitoa kwa urefu, tena mara nyingi kwa siku, na sehemu ya utulivu aliouhesabu kuwa wa nikotini ilitoka katika pumzi hiyo. Alipotupa kifaa aliyatupa yote mawili. Pumzi anaweza kuirudisha bure: vuta hewa kwa pua ukihesabu hadi 4, itoe polepole kwa mdomo ukihesabu hadi 6 au 8, uendelee hivyo kwa dakika 5. Kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta, kwa kuwa mapigo ya moyo hupungua wakati hewa inatoka. Usivute kwa nguvu wala kwa haraka. Kupumua kwa pupa huleta kizunguzungu na ganzi ya vidole na midomo, na dalili hizo humtisha zaidi aliyekwisha kutishika.

Fanya zoezi hili pia ukiwa umetulia, saa zilezile ulizokuwa ukivuta. Anayelijaribu kwa mara ya kwanza akiwa tayari ameshikwa na hofu hulikuta halifanyi kazi na kuliacha.

Hamu ikipanda pamoja na wasiwasi, kumbuka kwamba wimbi moja kwa kawaida hudumu dakika chache tu, hata usipofanya lolote. Kutembea haraka kwa dakika 10 hulipunguza makali.

Hatua ya tano: Zungumza na mfamasia au daktari kuhusu dawa

Wapo wanaoona kwamba kutumia plasta au chingamu za nikotini ni kujidanganya. Sikubaliani nao. Bidhaa hizi zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2009, na mwaka 2021 ziliongezwa bupropioni na vareniklini, ambazo hutolewa kwa cheti cha daktari. Plasta hutoa nikotini polepole kwa siku nzima, hivyo ule mpando na mporomoko unaozaa wasiwasi hutoweka, na mtu hushuka kwa ngazi, kwa kawaida kutoka miligramu 21 hadi 14 na kisha 7. Chingamu, ambazo huwa za miligramu 2 au 4, wengi huzitumia vibaya: hutafunwa polepole hadi ladha kali itokee, kisha huwekwa kati ya shavu na fizi hadi ladha ipungue, ndipo hutafunwa tena. Anayezitafuna mfululizo humeza nikotini, akapata kiungulia na kwikwi, na wasiwasi wake ukabaki palepale.

Kipimo kidogo mno huacha arosto, na kipimo kikubwa mno huleta kichefuchefu na moyo kwenda mbio, hali ambazo pia zinafanana na wasiwasi. Ndiyo maana nasema uzungumze na mtaalamu, hasa kama una mimba, una maradhi ya moyo, una umri chini ya miaka 18 au unatumia dawa nyingine.

Hatua ya sita: Baada ya siku ya 28, angalia kilichobaki

Baadhi ya watu walianza vepu kwa sababu tayari walikuwa na wasiwasi. Kwao, arosto ikiisha, hubaki wasiwasi wa zamani, na huo haungoji kalenda. Wataalamu hutumia dodoso fupi la maswali 7 liitwalo GAD-7, ambalo alama zake huanzia 0 hadi 21. Anayepata 10 au zaidi anastahili kuonana na mtaalamu wa afya ya akili. Tiba ya mazungumzo husaidia sana, na dawa zipo kwa wanaozihitaji. Aliyefika hapa hakushindwa kuacha vepu. Amegundua ugonjwa uliokuwa umefunikwa.

Mawazo ya kujidhuru hayasubiri siku ya 28 wala kesho. Mwambie mtu aliye karibu nawe sasa hivi na muende pamoja kituo cha afya.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Nipo wiki ya pili. Nilikuwa nimeshatulia, lakini leo wasiwasi umerudi kwa nguvu kama siku ya tatu. Je, nimeanza upya?

Jibu: Marahaba. Hujaanza upya. Arosto haishuki kwa mstari ulionyooka, na nikotini ilishatoka mwilini mwako siku nyingi. Kinachorudisha hali hiyo mara nyingi ni kichocheo, yaani mahali, mtu au saa ambayo ubongo umeiunganisha na kuvuta. Jiulize ulikuwa wapi leo na nani, ulilala saa ngapi, na ulikunywa nini. Ukikipata kichocheo, usikikimbie maisha yako yote. Kiepuke kwa wiki hizi, kisha ukirudie ukiwa na zoezi lako la pumzi mkononi.

Swali: Mwalimu, kwa mtu mwenye wasiwasi, je, ni bora kupunguza kidogo kidogo kuliko kuacha mara moja?

Jibu: Inawezekana, ila kuna mtego. Anayehamia kwenye kimiminika chenye nikotini kidogo mara nyingi huanza kuvuta mara nyingi zaidi na kwa kina zaidi bila kujua, na mwishowe hupata kiasi kilekile. Ukichagua njia hii, punguza vitu viwili: ukali wa kimiminika na idadi ya nyakati za kuvuta. Weka saa maalumu, urefushe nafasi kati yake kila wiki, na uwe na tarehe ya mwisho iliyoandikwa.

Swali: Na vepu isiyo na nikotini je?

Jibu: Siipendekezi. Mkono na mdomo vinabaki na mazoea yaleyale, na maandishi ya kwenye kasha hayaaminiki kila mara.

Swali: Usiku moyo wangu hupiga kwa kasi hadi naogopa nitakufa. Je, hii ndiyo arosto?

Jibu: Ndugu yangu, ukiacha nikotini mapigo ya moyo kwa kawaida hupungua, kwa hiyo moyo kwenda mbio usihesabu haraka kuwa ni arosto. Linaweza kuwa shambulio la hofu, ambalo hupanda ghafla, hufikia kilele ndani ya dakika 10 hivi, kisha hushuka lenyewe. Inaweza pia kuwa kafeini au kipimo kikubwa cha plasta. Lakini siwezi kukupima kwa maandishi, hivyo nenda ukapimwe moyo na tezi ya shingo, kwani tezi inayofanya kazi kupita kiasi nayo huleta hali hii. Maumivu ya kubana kifuani yanayosambaa mkononi au tayani, jasho jingi, kukosa pumzi au kuzimia ni mambo ya hospitali saa hiyohiyo.

Swali: Mume wangu ameacha wiki hii na amekuwa mkali kwa kila mtu nyumbani. Nimvumilie hadi lini?

Jibu: Dada, ukali huo ni mojawapo ya dalili zinazotambuliwa, na wiki ya kwanza ndiyo mbaya zaidi. Kubalianeni neno moja ambalo yeyote kati yenu akilitamka, mazungumzo yanasimama kwa nusu saa. Usimwulize kila mara kama amevuta. Hata hivyo arosto haimpi mtu ruhusa ya kupiga wala kutisha, na hilo likitokea si suala la somo hili tena, tafuta msaada.

Swali: Rafiki yangu amenipa vidonge vya diazepamu anavyotumia yeye. Nimeze kimoja tu nipate kulala?

Jibu: Hapana. Dawa za kundi hilo huleta uraibu zenyewe, na kuziacha ghafla baada ya kuzizoea kunaweza kusababisha degedege, jambo ambalo nikotini haifanyi. Mrudishie, na kama usingizi umekatika zaidi ya wiki moja muone daktari. Kama unatumia plasta ya nikotini, muulize kuhusu kuivua kabla ya kulala, kwa kuwa plasta inayokaa usiku kucha huwaletea baadhi ya watu ndoto nzito na kuwaamsha.

Swali: Jana nilipiga pafu moja kwa sababu ya wasiwasi. Je, nirudishe tarehe nyuma?

Jibu: Acha tarehe ilipo. Andika pembeni saa uliyovuta na namba ya wasiwasi wako wakati huo, kisha andika namba yake saa moja baadaye. Kifaa ulichotumia kitoke nyumbani leo, na kama ulikiomba kwa mwenzako, mwambie asikupe tena hata ukiomba.