Hamira gani itamaliza sukari zote za mwani? Ninavyochagua mie

Skizeni jamaa, hili nimeulizwa sana kwa hiyo naandika mara moja tu. Tunataka kuchachusha mwani tupate spiriti. Mwani wetu huu wa Paje na Jambiani, kule Unguja, ukiupika na asidi nyepesi unatoa sukari mchanganyiko, galaktosi kwa wingi na glukosi kidogo. Sasa hamira inapenda glukosi, na ikiwepo basi galaktosi haiigusi, kama mtoto anayemaliza samaki sahanini wali akauacha. Kazi yetu ni kutafuta mbegu ya hamira itakayorudi kula wali, yaani galaktosi. Na kabla hamjaniandama, spiriti hii ni ya jiko, si ya kunywa.

Hatua ya 1, kusanya. Tembo la mnazi kwa mgema asubuhi, juisi ya miwa iliyolala, embe bovu. Chukua na hamira ya mandazi ya dukani ya kulinganishia, msiidharau, ile ni Saccharomyces cerevisiae kamili. (Wenye makapi ya miwa kazi yenu nyengine, mule mna sukari nyengine, zailosi, na Saccharomyces ya kawaida haiwezi kuichachusha, tafuteni hamira iitwayo Scheffersomyces stipitis, nayo inataka hewa kidogo.)

Hatua ya 2, tenganisha. Kwa lita moja ya maji: ekstrakti ya hamira gramu 10, peptoni (chakula cha protini) 20, glukosi 20, agari ya kugandisha 15, na dawa ya kloramfeniko miligramu 100 ya kuzuia bakteria. Presha kuka dakika 20, mimina kwenye sahani, ikiganda chora mistari juu yake kwa waya uliochovya kwenye tembo, juisi au embe, na urudie kuchora mpaka madoa ya hamira yanayoota yote yawe sura moja.

Hatua ya 3, galaktosi peke yake. Tia kila mbegu kwenye tyubu yenye galaktosi asilimia 2, ndani umezamisha kityubu kidogo kimepinduliwa. Siku tatu hakuna gesi iliyonaswa ndani ya kityubu, mbegu hiyo itoe.

Hatua ya 4 ndo penyewe, na ndo nilipoumia. Mara ya kwanza nilichagua ile iliyotoa povu jingi siku ya kwanza, nikajisifu, siku ya tatu napima kumbe nusu ya sukari bado imo. Siku hizi natumia mizani. Chupa yenye mililita 100, glukosi gramu 5 na galaktosi gramu 5, hamira kiasi sawa kila chupa, kizibo cha mpira nimekichoma sindano gesi itoke. Napima uzito asubuhi na jioni, na pembeni naweka chupa moja isiyo na hamira ili nijue maji yaliyokauka ni kiasi gani niyatoe kwenye hesabu. Kila gramu ya gesi iliyopotea ni kama gramu 1.05 ya ethanoli, yaani spiriti yenyewe. Sukari yote ikiliwa chupa itapungua gramu 4.9 hivi, kiuhalisia ikifika 4.4 mie nachekelea. Ikigota kwenye 2.4 ikakaa hapohapo ujue imekula glukosi tu, hata kama povu lilipanda mpaka shingoni.

Ujanja mmoja: usiku wa kuamkia jaribio ikuze hamira kwenye galaktosi, si glukosi, iamke inajua inachokula. Na wale mnaopima kwa mashine ya sukari ya wagonjwa wa kisukari, zimua mara 50 kwanza halafu angalia stripu zako, ziko zinazosoma galaktosi kama glukosi na zitakudanganya mchana kweupe.

Hatua ya 5, zilizobaki mbili tatu zipeleke kwenye supu yenyewe ya mwani. Asidi unaitia kwenye maji, si maji kwenye asidi, ukishapika punguza ukali wa asidi kwa chokaa mpaka pH (kipimo cha uchachu) ifike 5. Hapa nyingi zinakufa, chumvi imezidi, na sukari iliyoungua inatoa kemikali iitwayo HMF inayodumaza hamira. Jaribu nyuzi 30 na 37 pia, maana joto letu la Februari mnalijua na umeme ukikatika feni hakuna.

Iliyoshinda kwangu ilitoka kwenye tembo. Naiweka frizani na gliserini asilimia 25, na jina naliandika kwa penseli kwenye plasta, wino wa maka spiriti inaufuta. Ninayo tyubu moja humo mpaka leo sijui ya nani.