Fildi katika ofisi ya serikali ya watoto na familia: hatua kwa hatua, kuanzia barua hadi kuaga

Mwanafunzi wa ustawi wa jamii akipangiwa ofisi ya serikali inayoshughulikia watoto na familia hujiona mdogo. Hana mshahara, hana mamlaka ya kusaini chochote, pengine hata kiti ni cha kuazima. Lakini akibisha hodi kwa mteja, mama aliye ndani haoni mwanafunzi. Anaiona serikali, ile ile yenye uwezo wa kumchukua mtoto wake. Hapo ndipo fildi hii, yaani mafunzo ya vitendo, inapoachana na ya asasi binafsi, na karibu kila ninachoeleza hapa chini kinatokana na hilo.

Hatua ya 1: Makaratasi

Barua ya chuo, barua ya kukubaliwa, fomu ya usiri, na uthibitisho wa polisi kwamba huna rekodi ya makosa pale unapotakiwa. Huo wa mwisho ndio huchelewa, kwa hiyo uombe kwanza. Mkataba wa mafunzo usiusaini ukiwa na malengo ya jumla jumla. "Kujifunza kazi za ofisi" ni lengo lisilopimika. Andika kitu kama "kuandaa tathmini ya familia moja, chini ya usimamizi, kuanzia rufaa hadi mpango wa huduma". Rufaa hapa ni taarifa ya kwanza inayoileta familia ofisini, siyo ile ya mahakamani.

Hatua ya 2: Wiki ya kwanza, soma

Anza na sheria ya mtoto ya nchi uliyopo, kisha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989. Ibara zake ni 54, ila kazini utazirudia chache: ya 3 kuhusu maslahi ya mtoto, ya 9 kuhusu kutomtenganisha na wazazi isipokuwa mamlaka husika iamue kwa kufuata sheria, ya 12 kuhusu maoni yake, ya 19 kuhusu ukatili, ya 20 kuhusu mtoto asiye na malezi ya familia. Ongeza na Miongozo ya Malezi Mbadala iliyopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 2009. Humo imeelezwa waziwazi kwamba umaskini peke yake usiwe sababu ya kumwondoa mtoto kwa wazazi. Uwe ishara kwamba familia inahitaji msaada. Wengi hulijibu vizuri kwenye mtihani, halafu wakikuta nyumba isiyo na kitanda wanalisahau.

Kisha omba faili moja la shauri lililokwisha ulisome lote, kuanzia karatasi ya zamani kabisa. Jiulize nani aliripoti, nini kilithibitishwa, nini kilibaki tuhuma. Utagundua jambo la kutisha kidogo: "jirani anadai baba ni mlevi" kwenye karatasi ya kwanza inakuwa "baba ana historia ya ulevi" kwenye ripoti ya tatu, na katikati hakuna aliyekwenda kuthibitisha.

Hatua ya 3: Muda wa usimamizi

Hii ndiyo hatua inayopuuzwa kuliko zote. Msimamizi wako ana mafaili yake na simu zisizokoma, hivyo ukisubiri akukumbuke utamaliza fildi ukiwa mpiga fotokopi. Omba muda maalum kila wiki, uandikwe kwenye ratiba yake, na uuendee na jambo mkononi: shauri moja, swali moja, na lile lililokukera au kukuogopesha. Ndiyo, hata hilo. Kama mama fulani anakukumbusha shangazi yako mkali na unajikuta unamkwepa, msimamizi anapaswa kujua kabla halijaingia kwenye tathmini yako.

Uliza pia mapema: msimamizi asipokuwepo, nampigia nani? Dharura ya mtoto haisubiri mtu arudi likizo.

Hatua ya 4: Ziara ya nyumbani

Mwanzoni fuatana na afisa. Ukipewa zamu ya kuongea, jitambulishe bila kuficha kitu: "Naitwa fulani, ni mwanafunzi, nasimamiwa na afisa huyu. Tumekuja kwa sababu shule ina wasiwasi kuhusu mahudhurio ya mtoto. Tutakayozungumza nitayaandika, na una haki ya kuniuliza nimeandika nini." Wengine huona maneno hayo yanatisha. Kinachotisha zaidi ni mgeni mwenye kitambulisho cha serikali anayechekacheka bila kusema kilichomleta.

Subiri ukaribishwe. Uliza ukae wapi. Ukihitaji kuona mtoto analala wapi, sema kwa nini na uombe uonyeshwe. Usianze kufungua milango. Muulize mama siku ikoje kuanzia asubuhi, nani huamka kwanza, nani hubaki na mdogo. Maswali ya namna hiyo yatakupa mengi kuliko "Je, unamlea vizuri mtoto wako?", ambalo jibu lake unalijua kabla ya kuuliza.

Mchoro wa mahusiano ya familia na mazingira yake, ule uliobuniwa na Ann Hartman mwaka 1975, uchoreni pamoja na mteja kama yuko tayari. Mpe yeye kalamu. Atakapofika kuchora mstari wa kwenda kwa ndugu wa mumewe, akasita, hapo kuna mazungumzo.

Mtoto akikuambia kuna mtu anamuumiza, usimwahidi siri. Msikilize, mwambie amefanya vizuri kusema, mweleze kwamba utawaambia watu wenye kazi ya kumlinda. Usimhoji wala usimtajie majina, "Ni baba, siyo?" linaweza kuharibu ushahidi. Andika maneno yake kama alivyoyatamka, na mwarifu msimamizi papo hapo, kabla hujarudi nyumbani.

Hatua ya 5: Kuandika

Andika siku hiyo hiyo. Linganisha haya mawili.

"Nyumba ni chafu na mama ni mzembe."

"Sakafuni palikuwa na sahani tatu zenye mabaki ya chakula. Mtoto mchanga alilala kwenye godoro lisilo na shuka. Katika mazungumzo mama alinyanyuka mara mbili, mara ya kwanza kumbadilisha nepi, ya pili kumnyonyesha. Alisema hajalala tangu juzi."

La kwanza ni hukumu. La pili ni ushahidi, na linamwonyesha mama aliyechoka ambaye bado anaitikia kilio cha mwanawe. Maoni yako yanaruhusiwa, ila yakae chini ya kichwa chake: "Maoni yangu". Na uandike ukijua kwamba mama huyo, wakili wake, au mtoto mwenyewe akishakuwa mtu mzima anaweza kuja kusoma.

Hatua ya 6: Vikao na mahakama

Kaa, sikiliza, andika. Usitoe maoni mahakamani kama hukuitwa kutoa.

Hatua ya 7: Kuaga

Waambie watoto tarehe yako ya kuondoka wiki kadhaa kabla, kisha uwakumbushe. Mtoto aliyehamishwa nyumba mara nyingi amezoea watu wazima wanaopotea bila neno. Usiwe mmoja wao. Mtambulishe kwa afisa atakayempokea. Namba yako usimwachie.

Maswali ya wanafunzi walio fildi

*Dada, shikamoo. Tangu niripoti napanga mafaili tu na kupokea simu. Nifanye nini?*

Marahaba mdogo wangu. Simu usizidharau, kupokea rufaa na kuuliza maswali sahihi ni ujuzi. Ila chukua mkataba wako wa mafunzo, weka alama kwenye malengo ambayo hayajaguswa, umpelekee msimamizi na pendekezo: "Naomba niambatane kwenye ziara moja wiki hii." Isipobadilika, mwarifu msimamizi wa chuo mapema, usingoje siku ya ukaguzi.

*Mteja ananitumia ujumbe usiku kwenye simu yangu binafsi. Namwonea huruma.*

Huruma ni nzuri, lakini ukilala atakuwa amemwandikia nani? Mpe namba ya ofisi na ya dharura, mweleze kwamba ujumbe wake unastahili mtu aliye zamu, na umjulishe msimamizi leo. Ujumbe aliokwisha kutuma usiufute kabla hamjaamua pamoja uingie vipi kwenye faili.

*Nimekuta faili la familia ninayoifahamu. Nilisome tu kimya kimya?*

Lifunge. Mwambie msimamizi unawafahamu na uondolewe kwenye shauri hilo. Ukikutana nao njiani, hujui lolote.

*Sikubaliani na afisa. Anataka mtoto apelekwe makao ya watoto, mimi naona bibi yake anaweza kumlea.*

Usibishane naye mbele ya familia. Muulize faragha, na kwa dhati: bibi alitathminiwa? Nini kilikosekana? Pengine kuna jambo kwenye faili hujaliona. Kama hakutathminiwa, Miongozo ile ya 2009 iko upande wako, maana inataka ndugu wafikiriwe, na kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu inasisitiza malezi ya kifamilia. Omba uandae tathmini ya bibi chini ya usimamizi wake: afya yake, kipato, nani atamsaidia, na mtoto mwenyewe anasemaje. Ukiona hatari kwa mtoto na husikilizwi, nenda kwa msimamizi wa chuo, kwa maandishi.

*Nililia kwenye gari baada ya ziara. Je, sifai kazi hii?*

Unafaa. Lipeleke kwenye muda wa usimamizi wa wiki hii. Ukiona usingizi unakataa au unaanza kukwepa ziara, usingoje wiki iishe.