Dar hadi Cape Town kwa gari lako: anza na makaratasi

Wengi wakipanga safari hii huanza na matairi. Mimi nasema anza na makaratasi. Kadi ya gari iwe na jina lako. Kama gari ni la mtu mwingine au lina mkopo wa benki, pata barua ya ruhusa yenye mhuri. Kisha funua boneti, ulinganishe namba ya chesisi na ile ya kwenye kadi, herufi kwa herufi. Tarakimu moja iliyokosewa inaweza kukulaza mpakani.

Bima ndiyo huwachanganya watu. Kadi ya Njano ya COMESA, yaani bima ya gari inayotambulika katika nchi kadhaa za Mashariki na Kusini mwa Afrika, inakuvusha Zambia, lakini Botswana haimo; huko unakata bima mpakani.

Pita Tunduma, Lusaka, kisha daraja la Kazungula, linalounganisha Zambia na Botswana. Kabla halijafunguliwa mwaka 2021, malori yalikuwa yakipanga foleni siku kadhaa kusubiri kivuko. Kutoka hapo hadi mji wa Nata, ndani ya Botswana, usiendeshe usiku hata kidogo: tembo wanakatiza barabara, na gizani huwaoni mpaka umewafikia. Nyama mbichi usibebe, Botswana wana vizuizi barabarani vya kuzuia magonjwa ya mifugo na wanakagua hadi friji. Cheti cha homa ya manjano kiwekwe pamoja na pasipoti.