Klabu ya kukimbia ya sungura na fisi: jinsi ya kuianzisha hapa Mwanza

Ukisema klabu ya kukimbia watu wanawaza joging ya alfajiri, tisheti sare na jamaa mmoja ana firimbi. Hii ni nyingine kabisa, ni mchezo wa kufukuzana. Ulianza Kuala Lumpur Desemba 1938, Waingereza waliokuwa kazini huko Malaya, ndo Malaysia ya sasa, mmoja wao mhasibu anaitwa Gispert, wakawa wanakimbia Jumatatu jioni kutoa uchovu wa wikiendi, mmoja anatangulia anadondosha karatasi wengine wanamfuata. Walijiita Hash House Harriers kwa sababu ya hosteli waliyokuwa wanakaa, chakula chake kilikuwa kinachosha mpaka wakaibatiza Hash House, yaani kama mgahawa wa bei chee, na Harriers ni wakimbiaji. Gispert aliuawa vitani Singapore mwaka 1942 ila wenzake vita ilipoisha wakaendelea, na 1950 walipojisajili waliandika malengo yao wazi, kuwa fiti, kutoa hangova, kutafuta kiu na kuikata kwa bia, na kuwaaminisha wazee kwamba hawajazeeka kama wanavyojisikia. Mi hapo kwa wazee ndo naonaga utamu wote upo.

Basi tafuta watu sita saba, wanatosha. Mmoja awe sungura, ndo anayefukuzwa. Wale wanaofukuza, Waingereza waliwaita mbwa, sasa hapa kwetu mwite mtu mbwa uone, sisi tunawaita fisi, si hadithi za bibi zote ni sungura na fisi.

Sungura anatoka mapema kuweka alama, kilomita tano mpaka sita inatosha, na hapa kwenye alama nisikilize vizuri. Mara ya kwanza tulitumia unga wa sembe, maeneo ya Kirumba huko juu kwenye mawe, ile tunarudi tunakuta kuku wamemaliza nusu ya njia na mama mmoja kasimama na ufagio pale njia panda anauliza ni nani kamwaga dawa mlangoni kwake, tuliomba radhi mpaka jasho likakauka. Tumia chaki kwenye mawe, kwenye vumbi weka pumba za mpunga, mashineni huwa hawana shida nazo. Afu mwambie mwenyekiti wa mtaa siku moja kabla, maana watu wazima wanakimbia huku wanapiga kelele wanaweza kuitiwa sungusungu fasta.

Alama weka kila baada ya hatua hamsini hivi. Ukifika sehemu chora duara, hiyo maana yake njia imepotea, fisi wasambae waitafute. Toka kwenye duara chora njia mbili tatu za uongo, alama mbili tu afu msalaba, mtu akiukuta anarudi. Atakayekuta alama tatu mfululizo anapiga kelele "ipo! ipo!" wote wanamfuata. Hapa ndo kwenye akili ya huu mchezo wote, wale wenye mbio ndo wanaowahi kupotea, wanapanda jabali wanakuta msalaba wanashuka, na shangazi aliyekuwa anatembea nyuma anawakuta palepale kwenye duara anacheka. Kama watu wako wanafika wamepishana nusu saa, ujue sungura wako ni mvivu, hakuweka njia za uongo.

Njia nzuri ni Luchelele na Nyegezi, mawe yapo na magari si kama mjini. Capri Point nayo poa kwa wageni, ila mjini kati achana nako, bodaboda watawamaliza. Mgeni toka Dar mwambie asijitutumue mwanzoni, tupo zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari na vilima hivi havina huruma. Anzeni saa kumi na nusu jioni, saa moja giza linaanza kuingia na kushuka mawe gizani ni kuvunjika mguu. Miezi ya mvua sungura achore siku hiyohiyo, maana mvua moja tu chaki yote imeenda ziwani.

Na mkimaliza msiingie ziwani kuosha miguu, kichocho kipo, bebeni maji ya dumu.

Kumalizia ni sato wa kuchoma, bia kwa anayekunywa, soda kwa asiyekunywa, na asilazimishwe mtu. Ila sungura wa wiki ijayo mchagueni kabla samaki hajafika mezani, wakishashiba kila mtu ana msiba Jumamosi hiyo.