Mwenzako kajibu madai ya talaka: zile karatasi unazifanyia nini?

Ndugu zangu, umefungua madai ya talaka mahakama ya wilaya, mwenzako kapata wito, sasa kajibu. Karani anakupa nakala. Unasoma mistari mitatu tu, mikono inatetemeka.

Hatua ya 1. Kabla hujatoka dirishani, andika kwa peni tarehe uliyopokea. Muulize karani kesi inatajwa lini na umepewa hadi lini kuleta majibu yako.

Hatua ya 2. Soma mara mbili. Mara ya kwanza soma na hasira zako zote, ya pili soma na kalamu. Pembeni ya kila aya andika: kweli, uongo, au nusu. Kazi kubwa iko kwenye nusu.

Tuseme mume kaandika: "Shamba la zabibu la Hombolo ni urithi wa baba yangu." Ardhi kweli ni ya urithi. Lakini mlilikuta pori. Miche mmepanda wote, nguzo na waya mmeweka wote, maji umebeba wewe. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinahesabu hata mali aliyokuja nayo mmoja, ikiwa imeendelezwa kwa kiasi kikubwa ndani ya ndoa na mwenzake au kwa jasho la wote wawili. Kwa hiyo usiandike "uongo", utaonekana mwongo wewe. Andika: nakubali ardhi ni ya urithi, nakataa kwamba zabibu ni zake peke yake. Kisha tafuta risiti za miche, kibarua aliyechimba mashimo, jirani wa shamba.

Akisema ulikaa nyumbani tu hukuchangia kitu, kuna kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ya 1983: Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa kazi za nyumbani ni mchango. Wengi huishia hapo kuisimulia. Bi Hawa mwenyewe hakupata mgawo, kwa kuwa alionekana ametapanya fedha alizopewa na mumewe. Basi aya inayosema ulitapanya hela usiiruke.

Hatua ya 3. Matusi. Akisema wewe mvivu na mama yako mchawi, "nakataa" moja inatosha. Akidai ugoni, akataja mtu na tarehe, hapo jibu kikamilifu.

Hatua ya 4. Tazama kama ameweka pingamizi kwamba hukupitia Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Kifungu cha 101 kinataka hati ya Baraza inayosema limeshindwa kuwapatanisha. Barua ya mwenyekiti wa mtaa si hati hiyo, na madai yanaweza kutupwa kwa hilo tu.

Maswali ya wanachama

*Mama wa Nkuhungu: Kaandika mtoto ni wake kwa sababu alimaliza mahari. Mtoto ana miaka 4.*
Hata angetoa ng'ombe thelathini, mama, mahari hainunui mtoto. Mila hutazamwa, ila ustawi wa mtoto uko mbele. Chini ya miaka 7 sheria inachukulia kuwa ni vema akae na mama, ingawa baba anaweza kuleta ushahidi wa kupinga.

*Kaka wa Kongwa: Mimi ndiye niliyefungua. Mke hajajibu, siku zimepita. Nimeshinda?*
Bado, kaka. Hakimu anaweza kusikiliza upande mmoja, lakini kwanza aridhike kwamba wito ulimfikia. Ukipata hukumu kwa kumficha, atakuja kuomba iondolewe, na mtaanza upya.

*Mama wa Mpwapwa: Kesi yangu iko Mahakama ya Mwanzo, hakuna karatasi za majibu.*
Huko anaweza kujibu kwa mdomo mbele ya hakimu. Nenda na daftari, uandike anachokubali na anachokataa. Mashahidi wako wajue wanajibu hoja ipi.

*Dada wa Chamwino: Ananipigia usiku, nifute kesi ataongeza matumizi ya watoto.*
Mwambie, shemeji yetu huyo, ayaandike. Mkisaini wote, pelekeni makubaliano kwa hakimu yaingie kwenye jalada. Kesi usiifute kwa ahadi ya simu.