Kichaka cha kukinga upepo wa chumvi
Upande wa bustani unaopigwa na upepo wa bahari, panda Scaevola taccada, kichaka cha asili cha fukwe za Bahari ya Hindi na Pasifiki. Utakijua kwa maua meupe yanayoonekana kama yamechanwa nusu. Kata vipandikizi vya sentimita 20 kwenye matawi yaliyoanza kukomaa, ondoa majani ya chini, chomeka nusu yake kwenye mchanga wenye unyevu, kivulini. Vikishika mizizi, hamishia bustanini kwa nafasi ya mita 1. Hapo sasa punguza maji: mara nyingi kinachokiua ni udongo wa mfinyanzi unaotuamisha maji na kuozesha mizizi, wala si jua. Florida kimegeuka mvamizi, kwa hiyo nje ya kwao kisipandwe.