Mordin hahukumiwi mapema: namna ya kucheza Mass Effect zote tatu

Vijana wanaokuja kucheza kwangu hapa Majengo, Moshi, wengi wanataka kuanzia gemu la pili la Mass Effect, la mwaka 2010, kwa kuwa wamesikia ndiyo tamu kuliko zote. Nawakatalia. Anza na ya kwanza. Ukianzia ya pili bila sevu ya zamani, yaani faili la mchezo uliohifadhi, kwa kawaida gemu linahesabu kwamba Wrex, mpiganaji mwenzako wa gemu la kwanza, alishakufa, na Wrex utamhitaji sana huko mbele. Legendary Edition ya 2021 ina zote tatu pamoja.

Cheza kwa akaunti yako, si ya kaka yako, na ukimaliza usifute sevu ya mwisho, maana hiyo ndiyo unayoihamishia gemu linalofuata. Kwangu kila mchezaji ana ukurasa wake kwenye kaunta buku: nani kafa, nani kaachwa, na sababu.

Sasa Mordin, unayekutana naye gemu la pili. Huyu daktari alikuwa kwenye timu iliyoimarisha ugonjwa unaozuia Wakrogan, viumbe wa sayari nyingine ambao Wrex ni mmoja wao, kuzaa. Kwao mimba 1 tu katika 1,000 ndiyo hufanikiwa. Ni mcheshi, anatibu maskini, na anatetea alichofanya kwa hoja nzito. Rudi maabara kwake kila baada ya misheni, umuulize tena. Washa maandishi ya chini, anaongea haraka mno. Na usiruke maneno yake mpaka uweze kumtetea mwenyewe mbele ya Mkrogan. Hapo ndipo utaelewa kwa nini, kule hospitali ya Tuchanka, sayari ya Wakrogan, anasimama kando ya maiti ya mwanamke aliyejitolea kufanyiwa majaribio. Mahali hapo weka pad chini, umsikilize.

Misheni hiyohiyo utaulizwa kama data ya mwanafunzi wake Maelon ihifadhiwe au ifutwe. Wengi hufuta, kwa sababu ilipatikana kwa mateso. Mimi nasema ihifadhi. Ndiyo itakayomponya Eve, mwanamke wa Kikrogan, katika gemu la tatu, na Mordin mwenyewe atakuwa amegeuka, anatafuta tiba ya ugonjwa ule. Wrex akiwa hai, ukiamua kuihujumu tiba hiyo ni lazima umpige Mordin risasi. Wrex na Eve wakiwa wamekufa, anaweza kukubali kuacha. Yaani msimamo wake unategemea hali uliyoitengeneza wewe miaka iliyopita, na hilo ndilo ninalolipenda zaidi katika magemu haya. Mordin akifa mapema, kazi yake anaishika mwanasayansi mwingine, Padok Wiks, na utalikosa jambo lote hili.

Ukimaliza, nenda kwenye magemu mengine, Dragon Age, umfuate mchawi Anders kutoka Awakening, nyongeza ya sehemu ya kwanza, hadi sehemu ya pili ya 2011. Huyo ni mgumu zaidi: alikuwa mtu wa utani, anarudi akiwa na roho nyingine ndani yake, na mwishoni analipua hekalu lenye watu. Utaamua umuue, umfukuze au ubaki naye. Kabla hujabonyeza, andika sababu yako kwenye daftari, halafu ndiyo uendelee.